Mshumaa Unaowaka Hauulizwi

Sehemu ya Saba

Mliolalamika kwamba wiki iliyopita niliwakata utamu, malalamiko yamefika. Mlitaka nifanyeje? Ukurasa uliisha. Haya, turudi pale pale tulipoachana: Mama Pacha amelala kifudifudi juu ya tangi la saruji, kichwa na mabega vimezama kwenye mdomo wa tangi, tochi mkononi, na chini kabisa, juu ya makapi ya zabibu, kuna mtu mwenye koti la njano. Hasogei.

Koti la njano mnalikumbuka. Kila mgeni anayefika kwenye lile shamba la mizabibu la ufukweni hupewa koti kama lile na mabuti ya mpira, kwa sababu sakafu ya ghala haikauki na kule juu ya majabali upepo wa bahari hauna adabu. Asubuhi ile wageni wote walikuwa wa njano kama vifaranga. Na katika vifaranga wote hao, mmoja tu alikuwa amechomoka kundini bila kuaga. Bwana Picha, mume wa Mama Pacha, mtu ambaye kamera yake hulala kitandani na yeye angeweza kulala sakafuni.

"Baba Pacha," aliita. Sauti ikazunguka tangini ikamrudia mwenyewe.

Akageuka, akaanza kushusha mguu kwenye ngazi ya chuma iliyomo ndani. Mkono ukamdaka kiunoni, ukamvuta nyuma mpaka akakaa kitako kwenye saruji. Ulikuwa mkono wa Mkuu wa Ghala, mwanamume mpole, vidole vimegeuka zambarau kwa miaka ya kushughulika na zabibu.

"Huingii," alisema.

"Niachie. Yule ni mume wangu."

"Hata angekuwa mama yangu mzazi. Tazama hapa."

Ukingoni mwa tangi palikuwa na mshumaa, unawaka. Mkuu wa Ghala aliutazama kidogo, uso umemkunjamana, kama mtu anayekuta mlango wa nyumba yake wazi naye anakumbuka aliufunga. Lakini haukuwa wakati wa kuuliza. Aliufunga kwenye waya, akauteremsha tangini polepole. Haukufika hata nusu. Moto ukafifia, ukawa wa bluu, ukazimika.

"Tangi bado linapumua," alisema.

Mliokosa wiki iliyopita, sogeeni niwaambie haraka. Mvinyo ukishatolewa tangini, makapi hubaki chini yakiendelea kuchachuka, na yakichachuka hutoa hewa nzito inayokaa chini. Haina rangi wala harufu ya kukutisha. Ukiivuta mara moja unashangaa, mara ya pili uko chini. Ndiyo maana pale ghalani wana sheria yao. Kabla mtu hajaingia kupakua makapi, mshumaa hushushwa. Ukizimika, huachwa ukingoni hivyo hivyo umezimika, na hakuna anayegusa. Ukirudi juu unawaka, huachwa ukingoni unawaka, na hiyo ndiyo ruhusa. Anayekuja nyuma hapimi tena, maana kupima tena ni kumwita mwenzako mwongo. Wanao na msemo wao: mshumaa unaowaka hauulizwi. Mtembezi, yule binti anayewazungusha wageni, aliwaeleza yote haya asubuhi kwa utani mwingi, na wageni wakacheka.

Mama Pacha alicheka pia. Sasa amekaa juu ya saruji, macho kwenye ule mshumaa uliozimika.

"Mimi ni muuguzi," alisema. "Unaelewa? Nikimfikia tu ninaweza kumrudisha."

"Ukimfikia utalala pembeni yake. Nimewahi kuona ndugu wawili, wa pili alimfuata wa kwanza. Tulichimba makaburi mawili badala ya moja."

"Sasa tunafanya nini?"

"Nafungua mlango wa chini. Ile hewa ni nzito, itamwagika yenyewe."

"Itachukua muda gani?"

Mkuu wa Ghala alikuwa ameshashuka, spana mkononi, anahangaika na nati za ule mlango mdogo wa chuma ulio chini ya tangi. Nati zenyewe zilikuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi ya bahari, kila moja inalia kabla ya kuzunguka.

Na muuguzi akabaki amekaa. Jamani, mnajua kitu kibaya kuliko kutojua? Ni kujua, halafu usiweze. Wodini kwake mtu akikata pumzi, yeye hukimbia, na kukimbia kwake kuna faida. Anajua ubongo unavyokufa, unaanzia wapi na unaishia wapi. Angekuwa mshonaji au mpishi angelia tu. Yeye alikuwa analia huku akihesabu, na hesabu ilikuwa inamkataa.

Kelele za spana zilimtoa Mama Glasi kwenye chumba cha kuonjea. Huyu ni mama mnene mwenye aproni isiyokauka, kazi yake kuosha glasi ambazo wageni wamekwisha kunusa, kuzungusha na kusifia. Juu ya mlango wa chumba hicho kuna kibao kimeandikwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Alisimama chini ya kibao, akatazama juu ya tangi.

"Nani?" aliuliza.

"Mume wa huyu mgeni," alijibu Mkuu wa Ghala bila kugeuka.

Mama Glasi alijifuta mikono, akapanda ngazi akihema, akakaa nyuma ya Mama Pacha na kumkumbatia kwa mikono ya mtu aliyezoea kubeba makreti.

"Lia, mwenzangu. Lia uwezavyo, lakini huko chini huendi."

"Sikumuaga vizuri."

"Nani anaaga vizuri?"

"Tuligombana. Hata safari hii si yetu. Ni wazee wa pande zote mbili walikaa wakasema nendeni mkatazame bahari, mkaone nyangumi na sili, mnywe hivyo vinywaji vyenu, mrudi mmepatana. Tangu tufike ananitazama kupitia kamera. Asubuhi nikamwambia, kama raha yako ni ya peke yako, basi nenda peke yako. Akaenda."

"Hilo ndilo linakuliza? Mimi wangu leo nimemwambia tofauti yake na ukuta ni moja tu, ukuta hauombi kuongezewa chakula."

Mama Pacha alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko siku nyingine. "Akajibuje?"

"Angejibu nini? Ndiyo maana wanamwita Kimya. Alibeba chakula chake akaenda zake kilimani kufukuza ndege kwenye mizabibu." Akamkaza zaidi. "Na mimi nashukuru yuko kule. Kila msimu wa kupakua makapi namwombea apangiwe ndege. Ndege humdonoa mtu, lakini hawamnyimi pumzi."

Chini, nati ya pili ilitoka. Zilikuwa bado nyingi.

Mtembezi akaingia mbio, simu sikioni, uso umekwisha.

"Gari la wagonjwa limekwama," alisema.

"Limekwama wapi?" Mkuu wa Ghala aliuliza.

"Barabara ya majabalini. Yule nyangumi aliyezaa amesogea na mtoto wake karibu kabisa na miamba. Watu wameacha magari katikati ya barabara wakakimbilia kwenye jukwaa. Magari hayana watu. Dereva anapiga honi mpaka mkono umechoka, upepo unaichukua honi unaipeleka baharini."

"Nenda. Mtafute kila mwenye gari, mmoja mmoja."

"Wako wengi."

"Ndiyo maana nimesema nenda."

Akaenda. Na mimi nawaambieni, nyangumi yule hana kosa. Alikuja kunyonyesha. Shamba lile lilikuwa linamwombea afike, kwenye mabango yao yote yupo yeye na chupa. Wageni walikuja kwa ajili yake. Leo amekuja, ameziba barabara, na hakuna wa kumwambia asogee.

Mama Pacha alimulika tena. Koti lilikuwa pale pale.

"Baba Pacha," aliita, safari hii kwa sauti ya chini, sauti anayoitumia nyumbani pacha wakiwa wamelala. "Nisamehe."

"Nakusamehe nini tena?" sauti ya mwanamume ilijibu. "Mbona umepanda huko juu?"

Msiruke mistari. Sauti haikutoka tangini. Ilitoka mlangoni.

Bwana Picha alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, shati limemganda mwilini kwa jasho, nywele zimesimama kwa upepo, kamera kifuani, na uso wa mtu aliyetoka kushinda bahati nasibu.

"Umekosa mambo," alisema. "Wamekuja karibu mpaka nimeona jicho. Jicho lenyewe, Mama Pacha. Mama na mtoto. Nimerudi kukuita uje uone."

Namna Mama Pacha alivyoshuka ile ngazi hata yeye haikumbuki. Alimshika mumewe uso, masikio, mabega, kama anayenunua kitu asichokiamini. Kisha akamzaba kibao. Kisha akamkumbatia mpaka kamera ikawaumiza wote wawili.

"Nilidhani umekufa."

"Mimi? Kwa kutazama nyangumi?"

Juu ya tangi Mama Glasi alikuwa anapiga makofi, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mungu ni mwema. Nilikwambia, mwenzangu. Nilikwambia usikate tamaa."

Hakuwa amemwambia, lakini tumwachie. Na mimi sitamficha Mama Pacha: alifurahi. Kwa kitambo kidogo alifurahi furaha ya kitoto, akasahau kabisa kwamba koti bado liko chini na ndani ya koti kuna mtu.

Aliyekumbuka ni Mkuu wa Ghala. Spana ilikuwa imesimama mkononi.

"Bwana," alimwambia Bwana Picha. "Wageni wenzako wako wapi?"

"Wote wako kwenye jukwaa. Nimewaacha sasa hivi."

"Wote?"

"Wote. Kuna nini kwani?"

Mkuu wa Ghala aligeuza uso taratibu, akautazama ule mlango wa chuma, halafu akatazama juu.

"Mama Glasi," alisema. "Asubuhi nilituma mtu kilimani. Nilimwambia Kimya ashuke. Nilisema akae hapa aoshe ndoo, tangi likiwa tayari aanze kupakua."

Kicheko hakikuondoka usoni kwa Mama Glasi mara moja. Kilibaki pale kikiwa hakina mwenyewe.

"Kimya yuko kilimani," alisema.

"Mama Glasi."

"Yuko kilimani. Nimemfungia chakula mwenyewe."

Yeye mwenyewe akageuka, akapiga magoti ukingoni, akainama na kutazama. Tochi ilikuwa bado imelala pale inawaka. Sijui aliona nini ambacho Mama Pacha hakukiona. Pengine mkono. Mke huujua mkono. Akashusha mguu ndani ya tangi.

Mama Pacha alipanda ile ngazi kwa pupa, akamdaka kwa nyuma, kamba za aproni zikakatika mikononi mwake, akamdaka tena.

"Huingii," alisema.

"Niachie. Ni mume wangu."

"Najua. Huingii."

Maneno yale yale, vinywa vimebadilishana. Na yule mama aliyezoea makreti alikuwa na nguvu kuliko yeye, akamburuta mpaka wote wawili wakalala kwenye saruji, mmoja anavuta kwenda chini, mwingine ameng'ang'ania.

"Wewe ulikuwa na mimi hapa," Mama Glasi alisema, mdomo umebanwa kwenye saruji. "Nimekushika nikikubembeleza. Na yeye yuko chini ananisikia."

Kuna la kujibu hapo? Kama mnalo niandikieni.

Bwana Picha, tumpe haki yake, aliitupa kamera mgongoni akaenda kuisukuma ile spana pamoja na Mkuu wa Ghala. Wanaume wawili, mikono minne kwenye chuma kimoja. Nati ya mwisho ilikataa. Wakaipiga nyundo. Ikakataa. Wakaipiga tena, ikaachia kwa ghafla wote wakaangukia matako, mlango ukafunguka na makapi yakaanza kumwagika sakafuni, mekundu, ya moto, yenye harufu inayolevya.

"Sasa," Mama Glasi alisema, naye amekwisha kuteremka na Mama Pacha hajamwachia.

"Bado," alisema Mkuu wa Ghala.

Akawasha mshumaa mwingine, akauingiza kwa mlango wa chini akiwa amezuia pumzi. Ukazimika.

Wakaleta feni, wakaielekeza juu ya tangi. Wakasubiri. Hakuna kazi ngumu kama hiyo, kusimama wazima wanne mkimtazama mtu mnayeweza kumgusa buti. Mshumaa ukaingizwa tena. Ukayumba, ukazimika.

"Mvute buti tu," Mama Pacha alisema. "Anza na buti."

"Mabuti yatavuka, yeye atabaki."

Safari ya tatu moto ulilala, ukasimama, ukakaa. Mkuu wa Ghala hakungoja kuambiwa. Aliingiza mwili nusu, akamshika miguu, akarudi naye kinyumenyume, na mtu akatoka kwenye ule mlango kama anayezaliwa, amelowa, amejaa maganda ya zabibu, koti la njano limemzunguka mabegani.

Alikuwa Kimya. Mwembamba, ndevu zenye mvi, midomo imekuwa ya rangi ya zabibu zake.

Mama Pacha alikuwa chini kabla hajafikishwa sakafuni vizuri. Vidole shingoni.

"Moyo unapiga," alisema. "Unapiga kwa mbali. Pumzi hana." Akamfungua kinywa, akamsafisha, akamziba pua, akampulizia. Kifua kikainuka. Akapulizia tena. Alikuwa mtu mwingine sasa. Hatimaye amepewa kazi anayoiweza.

Mama Glasi alipiga magoti upande wa pili, akaushika mkono wa Mama Pacha uliokuwa hauna kazi, akaubana. "Mrudishe," alisema. "Wewe ni muuguzi. Mrudishe."

Bwana Picha alichuchumaa karibu na sikio la mkewe.

"Koti langu hilo," alinong'ona.

Mama Pacha alipulizia. Akainua kichwa. "Nini?"

"Nililitundika pale ukingoni nikiwa napiga picha, likateleza likaanguka ndani. Kuna jamaa alikuwa anaosha ndoo, ndiye huyu huyu, nikamwambia koti langu limetumbukia humo. Akaniitikia kwa kichwa. Nikasikia watu wanaita nyangumi, nyangumi, nikakimbia."

Akapulizia. Kifua kikainuka, kikashuka.

"Na mshumaa?"

"Mshumaa gani?"

"Wa ukingoni."

"Ah, ule. Niliukuta umezimika, nikauwasha. Nilitaka mwanga wa kuangukia kwenye saruji. Picha imetoka, ngoja nikuonyeshe." Na mkono wake, ndugu msomaji, mkono wa mtu mzima, baba wa watoto wawili, ulikuwa tayari unaizungusha kamera kutoka mgongoni.

Hakujua. Hilo ndilo lililomkata Mama Pacha maini. Angekuwa mbaya angemchukia, mambo yakaisha. Lakini hakujua, kwa sababu asubuhi Mtembezi alipokuwa anaeleza habari za mshumaa, Bwana Picha alikuwa anampiga Mtembezi picha. Alikuwa na picha nzuri kumi za maelezo yale, na neno moja la maelezo hana.

"Funga hiyo kamera," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini. "Usimwonyeshe mtu."

Neno limemtoka hivyo hivyo, hajalipima. Akainama akapulizia tena, na alipokuwa ameinama ndipo alipolisikia neno lake mwenyewe.

Bwana Picha alisimama. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia kwenye paji. Alikuwa ameanza kuelewa, si kwa sababu ameelezwa, ila kwa sababu ya namna mkewe alivyosema.

Mkuu wa Ghala alikuwa amerudi juu ya tangi. Alisimama pale ameshika kile kipande cha mshumaa wa ukingoni.

"Nani aliuwasha huu?" aliuliza.



"Mimi nilipima asubuhi. Ulizimika. Niliuweka hapa umezimika, kwa mkono wangu huu. Nilipokuja nimeukuta unawaka."

"Kimya angeukuta umezimika asingeingia," Mama Glasi alisema bila kuinua kichwa.

"Basi aliuwasha yeye."

"Kimya?"

"Sasa nani? Hakuna mtu wa ghala hili aliyekuwepo. Wote wako mizabibuni. Pengine alichoka, akaupima ovyo, akaona unatosha. Mama Glasi, sisemi kwa ubaya. Lakini wenye shamba wakija wataniuliza, na mimi nitawaambia nini? Nitasema kosa ni lake."

"Mtu huyu," Mama Glasi alisema, "nyumbani akizima jiko hurudi kulishika kwa kiganja. Akifunga mlango huusukuma mpaka unalia. Umefanya naye kazi miaka mingapi, leo unamwita mzembe naye amelala mbele yako?"

"Sisemi kwa ubaya."

"Akiwa mzima hajitetei. Sasa hivi atajiteteaje?"

Mama Pacha aliyasikia yote. Sentensi moja tu ingetosha, na yenyewe si ndefu. Lakini alikuwa na mdomo juu ya mdomo wa mgonjwa, na mdomo ukiwa kazini hauwezi kusema, na alishukuru. Alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru, kisha akapulizia. Pacha wako nyumbani kwa bibi yao. Baba yao amesimama nyuma yake. Mke wa mtu amemshika mkono na kuuamini.

Mlangoni giza likaingia kidogo. Ni wageni. Mtembezi alikuwa amewapata jukwaani, amewapigia kelele mpaka sauti imekauka, na wenye magari walikuwa wanasogeza, na wasio na magari wamekuja kuona. Walisimama mlangoni na kando ya kuta, makoti ya njano matupu. Mmoja alikuwa bado na darubini shingoni. Kwa mbali, juu barabarani, king'ora cha gari la wagonjwa kilisikika. Kilikuwa kinalia mahali pamoja.

"Mbona halisogei?" Mama Glasi aliuliza.

"Yamebaki magari mawili," Mtembezi alisema. "Wenyewe wameteremka ufukweni kutazama sili. Nimemtuma mtu."

Ndipo Kimya alipokohoa.

Alikohoa maji ya zabibu, akavuta hewa peke yake, akaivuta tena kwa sauti ya msumeno. Mama Pacha alimgeuza ubavu kwa mkono mmoja, akampigapiga mgongo. Watu wa njano wakashusha pumzi wote kwa pamoja. Macho ya Kimya yakafunguka, mekundu, yakatafuta, yakampata mkewe.

"Niko hapa," Mama Glasi alisema. "Niko hapa, baba. Usiseme kitu. Leo nakuruhusu, usiseme kitu."

Na mwanamume ambaye hakuwahi kumjibu, siku aliyoruhusiwa kunyamaza, alisema.

"Koti."

"Koti gani, baba?"

"La mgeni." Akavuta hewa. "Nimekuta mshumaa unawaka. Nikaingia. Mwambie nimelipata."

Macho yakafumba. Mama Pacha aliweka sikio kifuani kwake, akasubiri pumzi inayofuata. Barabarani king'ora kilikuwa kinalia pale pale.

"Mgeni gani?" aliuliza Mama Glasi.

Akainua kichwa. Akaanza kuwatazama wageni mmoja mmoja, kuanzia mlangoni, koti la njano, koti la njano, koti la njano, akaufuata ukuta mzima hivyo hivyo bila haraka, mpaka macho yake yakafika kwa mtu mmoja aliyesimama nyuma ya Mama Pacha, mwenye kamera, aliyevaa shati tupu.

Mkono wa Mama Glasi ulikuwa bado umeshika mkono wa Mama Pacha. Hakuuachia. Aliubana zaidi.